Zamu za Mchangani: Pamoja na Walinzi wa Plova Kando ya Ziwa Michigan

Jumamosi, Montrose, Chicago

Shangazi yangu alistaafu uuguzi akaingia kwenye kazi isiyo na mshahara, na hiyo ndiyo anayoiamkia mapema kuliko zote alizowahi kufanya. Analinda ndege. Anakaa mtaa wa Uptown, mwendo mfupi kutoka Ziwa Michigan, na kila kiangazi jina lake limo kwenye orodha ya zamu za ufukwe wa Montrose. Nilipompigia simu kumwambia nakuja, alinijibu hivi: "Karibu mwanangu. Ila mgeni ni siku mbili tu. Ya tatu, badala ya jembe, utapewa darubini."

Ndege mwenyewe wenyeji humwita piping plover, nami nitafupisha: plova. Ni wa jamii ya wale vitwitwi wanaokimbiakimbia pembezoni mwa maji. Uzito wake ni gramu 55 hivi, mgongo una rangi ya mchanga mkavu, shingoni ana ukanda mweusi, na miguu ni ya chungwa. Hajengi juu ya mti wala hajifichi majanini. Anakwangua kishimo mchangani, anapanga vijiwe viwili vitatu, anataga mayai manne palepale ambapo binadamu anaona panafaa kutandika taulo.

Plova wako katika makundi matatu: wa pwani ya Atlantiki, wa nyanda za kaskazini, na wa Maziwa Makuu. Hawa wa mwisho ndio wachache kuliko wote. Walipowekwa chini ya ulinzi wa sheria ya viumbe walio hatarini kutoweka, mwaka 1986, zilikuwa zimebaki jozi 17. Mwaka 2024 zilihesabiwa jozi 81. Lengo ni 150. Wingi wa watu wanaoitafuta hiyo tofauti kwa kukaa juani na viti vya kukunja ndio ulionileta huku.

Montrose si mahali ambapo ungemtarajia ndege wa namna hii. Upande mmoja kuna ufukwe wa mbwa, ambako mbwa huachiwa wakimbie watakavyo. Katikati kuna nyavu za mpira zimepangwa safu kwa safu. Mwisho kabisa, karibu na gati, ndiko kuna matuta ya mchanga yenye nyasi, na mbele yake mchanga uliozungushiwa kamba. Mwaka 2019 dume na jike waliokuja kupewa majina ya Monty na Rose walitaga hapa, jambo lililokuwa halijaonekana Chicago kwa zaidi ya miaka 60. Kiangazi hichohicho kulikuwa kumepangwa tamasha kubwa la muziki mchangani. Watu wakapiga kelele, tamasha likafutwa. Hebu fikiria: jukwaa, spika na tiketi vyote vikafutwa na ndege wawili ambao ukiwaweka pamoja hawafiki gramu 120.

Monty alifia hapahapa Mei 2022, kwa maambukizi ya kuvu kwenye mfumo wa kupumua, na Rose mwaka huo hakurudi. Lakini mtoto wao wa 2021, dume anayeitwa Imani (sikumpa jina mimi), alirudi Montrose, na mwaka 2024 akapata mwenza na kutotoa. Shangazi anaisimulia nasaba hii kama anavyosimulia ukoo wetu, tena kwa makosa machache zaidi.

Zamu yake ni saa nne za asubuhi hadi saa saba. Nilidhani tutatazama ndege. Tulimwona mmoja, mbali, dakika chache tu. Muda uliobaki tuliwapa ndege mgongo tukatazama watu. Mtoto mmoja akapiga mpira ukavuka kamba. Mama yake akanyanyua mguu kuufuata. Shangazi alikuwa ameshafika. Hakusema "usiingie." Alisema, "Ungependa kumwona?" akavua darubini shingoni mwake na kumkabidhi. Yule mama akatazama, akanyamaza, akamwita mtoto naye atazame. Kisha wakasubiri wenyewe, bila kuambiwa, mpaka Shangazi alipokagua mchanga hatua kwa hatua na kuwarudishia mpira.

"Kamba ni uzi tu," akaniambia baadaye. "Hata kuku angeivuka. Mtu anazuiwa na alichokiona."

Jumapili, barabarani

Kilomita kama 500, gari dogo, Shangazi akiendesha na kukataa kupokewa usukani. Tunazunguka ncha ya kusini ya ziwa, tunaingia Michigan, saa zinasogea mbele kwa saa moja. Holland, Muskegon, Ludington, Manistee. Ziwa linajitokeza na kupotea upande wa kushoto, na kila linapojitokeza halina ng'ambo. Tumefika kambini jua bado liko juu, ingawa ilikuwa inakaribia saa tatu usiku.

Jumatatu, mdomo wa mto Platte

Hifadhi ya Sleeping Bear Dunes ilianzishwa mwaka 1970, na ndiyo ngome ya plova wa Maziwa Makuu. Takriban theluthi moja ya jozi zote hutaga ndani ya mipaka yake. Mojawapo ya sehemu wanazozipenda ni hapa, ambapo mto Platte unaingia ziwani.

Bahati mbaya ni kwamba watu nao wanapapenda. Mto huu hauna kina, maji yake yana joto kuliko ya ziwa, na familia nzima hujilaza juu ya maboya ya kupuliza huko juu na kuelea hadi mdomoni. Wakifika wanataka kushuka, kukausha miili, kufungua masanduku ya barafu. Mchanga wa kushukia upo pande zote mbili, na kipande kizuri zaidi ndicho kilichofungwa.

Aliyetupokea ni kijana wa hifadhi, mwajiriwa wa msimu. Alituonyesha kizimba kwa mbali kupitia darubini ya miguu mitatu. Ni waya uliozungushiwa kiota na kufunikwa juu, matundu yake yamepimwa: plova anapita akitembea bila hata kuinamisha kichwa, mbweha hapiti, kunguru na shakwe hawapiti, rakuni na kicheche wanabaki nje wakinusa. Kinawekwa haraka, watu kadhaa kwa pamoja, kila mmoja akijua upande wake. Kisha wote wanaondoka na kusimama mbali wakihesabu dakika mpaka ndege arudi kuatamia. Asiporudi, kizimba kinaondolewa.

Nilimwona akirudi mmoja, dume, zamu yake ikiwa imefika. Dume na jike hupokezana kuatamia kwa takriban wiki nne. Jike alisimama, akajikung'uta, akatoka kwa mlango wowote ule kati ya milango mia ya waya. Dume akaingia, akayageuza mayai kidogo kwa mdomo, akajishusha juu yake akitikisa kiwiliwili kushoto na kulia mpaka akakaa sawa. Mguuni alikuwa na kibendera cha plastiki cha rangi ya chungwa na pete za rangi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walianza kuwavisha pete plova wa huku miaka ya 1990, na ndiyo maana siku hizi mtu aliye ufukweni Florida au Georgia wakati wa baridi anaweza kuripoti kwamba amemwona ndege fulani wa Platte akiwa mzima.

Mchana Shangazi alipewa ng'ambo moja ya mto, mimi nikawekwa na mzee mmoja wa kujitolea upande wa pili. Mzee huyu anaijua sheria yote. Kila aliyekaribia kamba alisomewa: faini ya hadi dola 50,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja. Ni kweli tupu, sheria ndivyo inavyosema. Lakini nilitazama nyuso. Watu waliondoka kwa hasira, na wawili walizunguka nyuma ya nyasi wakatokezea mbele zaidi, ndani ya kamba, ili tu wasionekane wametii. Ng'ambo ya pili Shangazi alikuwa na foleni ya watoto wanaongoja darubini.

Jumanne, Platte tena

Leo wameanguliwa.

Si kiota chenye kizimba nilichokisimulia jana. Ni kingine, karibu zaidi na maji. Alfajiri kijana wa hifadhi alikuta maganda, na tulipofika vifaranga vitatu vilikuwa vimeshakauka manyoya na kuanza kutembea. Yai la nne lilianguliwa kabla ya adhuhuri. Kifaranga wa plova ni kishada cha pamba kilichochomekwa kwenye njiti mbili za kiberiti, na njiti zenyewe ni ndefu mno kwa mwili ule. Uzito hauzidi gramu 7. Wazazi hawamlishi. Saa chache baada ya kutoka ganda anatafuta vidudu mwenyewe, anakimbia, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena. Akishikwa na baridi anarudi chini ya mzazi, na ukimtazama dume amesimama utaona ana miguu kumi.

Hapo ndipo ulinzi unabadilika sura. Yai halitembei: unalizungushia waya unamaliza. Kifaranga anatembea, na chakula kiko kwenye mchanga wenye maji, yaani njia ileile ya wapita kwa miguu. Anatoka nje ya kamba bila kujua kuna kamba. Alama ya kiatu kwenye mchanga laini inamtosha kuwa shimo. Mzazi akitoa mlio wa hatari, kifaranga hakimbii bali analala chini na kutulia tuli, na kwa rangi yake hiyo anapotea kabisa. Kwa mbweha ni mbinu nzuri. Kwa mtu anayetembea huku anatazama simu, ndiyo hatari yenyewe.

Saa nane mchana ilitokea familia yenye tiara, kubwa, jekundu, lenye mkia. Hakuna aliyevuka kamba wala aliyekuwa na mbwa; hawakuvunja chochote walichokijua. Lakini kivuli kile kilipopita juu, dume alipiga mlio na vifaranga vyote vinne vikatoweka machoni petu. Kwa plova kitu kinachoning'inia angani ni kipanga. Na vipanga wapo kweli: yuko mmoja mdogo aitwaye merlin, anayekamata hata plova wakubwa nje ya kizimba, na dhidi yake kamba na waya havina maana.

Mzee wa sheria alikuwa ameshaanza kuwaendea. Nikamwomba anipe nafasi. Nilifika nikasema lile swali la Shangazi, kwa Kiingereza changu, nikatoa darubini. Baba alitazama muda mrefu kweli. Haoni kitu, akasema, mchanga tu. Nikamwambia atazame tu, asiondoe macho. Mwanawe akaanza kulishusha tiara, uzi ukijikunja mkononi mwake, na dakika chache baadaye mchanga ukaota miguu. Baba akapiga kelele ya chini kwa chini kama aliyefunga bao msikitini. Tiara halikupaa tena siku hiyo, na wala sikuwa nimesema neno "tiara."

Jioni niliona jambo moja ambalo nilikuwa nimelisikia tu. Mbwa alichomoka, kamba yake ikiburuta. Jike akamkimbilia. Alipofika karibu akaangusha bawa moja, akalikokota, akajiburuza kwa huruma kuelekea nyasini, mbwa nyuma yake, mpaka mbali, kisha akaruka mzima kama hakuna kilichotokea. Mwenye mbwa aliomba radhi mara nyingi kupita kiasi. Katika hifadhi hii mbwa lazima afungwe kamba fupi, na baadhi ya fukwe haruhusiwi kabisa. Alijua, mkono ulimteleza.

Jumatano

Mvua tangu usiku. Mawimbi yamekula mchanga mita kadhaa. Zamu ya mvua ni bora kuliko ya jua: hakuna watu. Kazi ni kutazama maji yasikifikie kiota.

Chini ya turubai alikuwapo mlezi wa wanyama kutoka bustani moja ya wanyama, amepumzika siku mbili kutoka kazi ya kulea vifaranga. Huko kaskazini, karibu na Pellston, Chuo Kikuu cha Michigan kina kituo cha utafiti kando ya ziwa dogo la Douglas, na ndani yake kuna kitalu cha plova kinachosimamiwa na bustani ya wanyama ya Detroit. Walezi huja kwa zamu kutoka bustani mbalimbali za nchi. Kiota kikisombwa na mawimbi, au merlin akimuua mzazi mmoja na yule mwingine akashindwa peke yake, mayai hubebwa hadi huko, yakatiwa kwenye mashine ya kutotolea, na vifaranga vikalelewa mpaka viruke.

Nilimuuliza kama wanafaa kweli wakiachiwa, maana wamekua bila baba. Akanitajia Sea Rocket: jike aliyelelewa kitaluni, akaachiwa Montrose mwaka 2023. Ndiye mwenza wa Imani. Shangazi, ambaye alikuwa akimimina chai na kujifanya hasikilizi, akasema, "Mkwe wetu huyo."

Alhamisi

Vifaranga vinne jana. Asubuhi ya leo vitatu. Hakuna aliyeona. Huenda ni baridi ya mvua, huenda shakwe. Kijana wa hifadhi aliandika kwenye daftari: saa, hali ya hewa, wakubwa wawili, wadogo watatu, watu waliovuka kamba, mbwa. Daftari halina safu ya huzuni, na nadhani ni afadhali.

Mzee wa sheria hakuandika kitu. Alikwenda akakagua ule mstari wa majani yaliyoletwa na mawimbi, kutoka kona hadi kona, akiinama kila hatua mbili. Aliporudi alikuwa na mfuko umejaa vifuniko vya chupa, mabaki ya mikate na mifupa ya kuku wa watu. Takataka huita shakwe na kunguru, na shakwe akishazoea kula hapa, kifaranga ni kitoweo. Nilikuwa nimemhukumu mapema. Anazungumza vibaya na watu, lakini sijaona mwingine aliyeokota hata nusu ya mfuko ule.

Ijumaa, Julai 4

Sikukuu ya uhuru wa Marekani. Ndani ya hifadhi za taifa fataki haziruhusiwi, ila ziwa halina ukuta na vijiji haviko mbali. Shangazi ameomba zamu ya usiku kwa hiari yake.

Mchana sitausimulia sana: boya juu ya boya, muziki, bendera, watoto wanaolia. Tulikuwa walinzi wengi kuliko siku nyingine, na nilitumia lile swali mpaka sauti ikakauka. Wengi walikubali. Mmoja alikataa katakata, akaniambia ufukwe ni wa umma naye ni umma. Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu ana haki. Ufukwe ni wake. Kipande kilichofungwa ni kidogo, kinafungwa kwa muda wa kutaga na kulea tu, lakini ni kweli kimechukuliwa kutoka kwake. Alikaa nje ya kamba, mgongo kwetu, mpaka jioni. Hakuvuka. Sijui kama ni mimi, sheria au jua, na sioni sababu ya kudai sifa.

Baada ya jua kuzama, yaani karibu saa tatu na nusu usiku, milipuko ilianza kusikika ng'ambo ya mto, kisha mmoja karibu mno, vijana wanne wenye kasha la fataki mchangani. Shangazi alikwenda peke yake. Nilimwona kwenye mwanga wa tochi, mwanamke mfupi katikati ya vijana warefu, na sikusikia alichosema. Walifunga kasha wakaondoka naye, tena mmoja akimbebea kiti.

"Umewaambia nini, Shangazi?"

"Usiku hawaoni ndege, darubini haina kazi. Nimewaambia nimechoka, nina miaka sabini, na nikisikia mlipuko mwingine itabidi nitembee tena mpaka hapa. Wana mama zao hao."

Jumamosi, siku ya kuondoka

Asubuhi tulikwenda upande wa magharibi, ambako kuna familia iliyotangulia, vifaranga wa mapema Juni. Majike ya huku huondoka kabla ya wanawe kukomaa, wakaelekea kusini, na dume ndiye anayebaki kumaliza malezi. Dume huyu alikuwa na wawili. Ukiwatazama hawana tena cha kitoto isipokuwa ukanda wa shingoni ambao bado haujaingia rangi. Kijana wa hifadhi aliwakaribia polepole kwa makusudi. Wakaruka wote wawili, chini chini juu ya maji, mita zaidi ya hamsini, wakatua. Akarudia mara nyingine kuhakikisha. Akaandika: wanaruka.

Basi kamba ya upande ule ikashushwa. Tuliikunja mimi na mzee wa sheria, yeye akikunja mimi niking'oa vigingi, na kigingi kilichokaa mchangani tangu majira ya kuchipua hakitoki kwa heshima. Wanandoa waliokuwa wakipita waliuliza kama sasa wanaweza kukaa pale. Mzee akatazama mchanga, akanitazama mimi, kisha akavua darubini yake.

"Mnaweza," akawaambia. "Mngependa kuwaona kwanza?"

Vigingi havikwenda stoo. Ng'ambo ya mto kuna jozi iliyopoteza kiota cha kwanza kwa mawimbi na imetaga upya juzi, msimu umechelewa mno lakini mayai yapo, na kamba ya hapo ilikuwa fupi. Tulivipakia kwenye mtumbwi wa hifadhi. Shangazi alikuwa ameshaliwasha gari, akapiga honi mara mbili. Ana zamu Montrose kesho saa nne.